Supu ya mboga imekuharibikia? Tafuta dalili yake kabla ya kuimwaga

Mwanafunzi mwenye jiko moja, sufuria moja na fedha za kuhesabu hana nafasi ya kumwaga chakula apike kingine. Ndiyo maana makosa ya supu ya mboga, ambayo kwa mwingine ni ya kucheka, kwake yanauma. Yanayolalamikiwa ni yale yale: supu chapwa, supu ya majimaji, viazi vinavyogoma kuiva, chini kumeungua, na kesho yake imechacha. Mengi kati ya hayo huanzia kwenye mambo matatu: maji yaliyokadiriwa kwa macho, mboga zilizotumbukizwa zote kwa mpigo, na chumvi iliyotiwa bila kuonja.

Kwanza, kikombe cha majaribio

Usitibu sufuria nzima. Chota mililita 200 za supu, weka kwenye kikombe, na dawa yoyote uijaribu humo. Ukikosea, umepoteza kikombe kimoja. Ukipatia, unajua cha kuzidisha: kwenye sufuria ya lita 2, kikombe hicho ni sehemu moja ya kumi. Chumvi ya kubana kwa vidole viwili iliyokoleza kikombe, mara kumi yake ni kama nusu kijiko cha chai kwa sufuria yote. Hata hivyo anza na robo tatu ya hesabu, koroga, ngoja dakika 2, onja, kisha umalizie.

Hii hapa supu ya kulinganishia, inayotoa kama lita 2, bakuli nne za kushibisha:

- maji lita 1 na robo
- kitunguu maji kikubwa 1 na punje 2 za kitunguu saumu
- karoti 2 (gramu 200 hivi) na viazi 2 vya wastani (gramu 300)
- kabichi gramu 200, yaani robo ya kabichi dogo
- nyanya 2
- dengu nyekundu zilizokobolewa, gramu 100
- mafuta vijiko 2 vya chakula
- chumvi kijiko 1 cha chai mwanzoni, na hadi kimoja tena mwishoni kwa kuonja

Kaanga kitunguu maji kwa moto wa wastani dakika 8, tia saumu dakika 1, kisha maji, karoti na dengu. Zikichemka dakika 5 tia viazi. Dakika 10 baadaye tia kabichi, na nyanya ziingie viazi vikishaanza kulainika. Jumla ni dakika 35 hadi 40. Supu yako ikiwa tofauti si kosa, ila ukipata tatizo, linganisha na hii uone ulipoachana nayo.

Dalili: supu ni chapwa

Hili ndilo lalamiko linaloongoza, na wengi hulijibu kwa kwenda kununua kiungo kipya. Mara nyingi hakihitajiki.

Kisababishi cha kwanza ni chumvi kidogo. Mboga na viazi huinywa, kwa hiyo supu iliyokuwa imekolea dakika ya kumi inaweza kuwa imepoa ladha dakika ya thelathini. Tia chumvi ya kubana kwa vidole kwenye kikombe cha majaribio, koroga, onja, kisha onja ya sufuria. Tofauti ikiwa kubwa, umeshapata jibu na hujatumia hata senti.

Ikiwa chumvi imeonekana lakini ladha bado imelala, shida ni uchachu. Matone kumi hivi ya limau, ndimu au siki kwenye kikombe huamsha supu ya mboga kuliko bizari yoyote. Kwa sufuria nzima huwa ni kijiko 1 hadi 2 vya chai, na hutiwa mwishoni kabisa, moto ukiwa umezimwa. Sababu ya kuchelewesha utaiona kwenye habari ya viazi.

Ukiona bado, maji yamezidi. Ondoa mfuniko, ongeza moto, acha ichemke dakika 10 hadi 15 ili maji yapungue. Usiongeze chumvi hadi umalize, kwa sababu maji yanapoondoka chumvi inabaki.

Cha mwisho ni kosa la mwanzoni: kitunguu hakikukaangwa. Kitunguu kilichochemshwa hutoa utamu kidogo na harufu ya ubichi. Kilichokaangwa hadi kikawa laini na cha rangi ya dhahabu ndicho msingi wa supu. Hata sasa hujachelewa. Kwenye kikaango, au kwenye sufuria hiyo hiyo baada ya kuhamisha supu, kaanga nusu kitunguu kwa kijiko kimoja cha mafuta, tia kijiko kimoja cha nyanya ya kopo, koroga dakika 2 hadi igeuke rangi kuwa nyekundu iliyoiva, kisha mimina supu juu yake. Mafuta yana kazi pia: harufu nyingi za viungo huyeyuka kwenye mafuta, haziyeyuki kwenye maji. Supu isiyo na tone la mafuta itakuwa chapwa hata uitie bizari kijiko kizima.

Kidonge cha mchuzi kinasaidia, ila kisome kwenye pakiti: sehemu kubwa ya uzito wake ni chumvi. Anayetia kidonge na chumvi yake ya kawaida anahamia kwenye dalili inayofuata.

Dalili: chumvi imezidi

Visababishi kwa mpangilio wa kutokea: kidonge cha mchuzi juu ya chumvi, supu iliyotiwa chumvi mapema kisha ikapunguzwa maji, kijiko kilichopimwa kwa kilima badala ya kusawazishwa. Kijiko cha chai kilichosawazishwa ni gramu 6 hivi za chumvi laini. Chenye kilima kinaweza kukaribia mara mbili.

Utaambiwa utie kiazi kibichi nzima "kivute chumvi". Kiazi hakina akili hiyo. Kinakunywa maji pamoja na chumvi iliyomo, na kinachobaki sufuriani kina chumvi ile ile kwa kila kijiko. Kinachosaidia ni kuongeza visivyo na chumvi: maji nusu lita pamoja na viazi viwili vilivyokatwa vidogo au dengu gramu 50, vichemke hadi viive humo humo. Sasa una supu nyingi zaidi, ambayo si hasara. Ikiwa imezidi kidogo tu, limau kidogo huificha kwenye ulimi. Sukari robo kijiko cha chai nayo hufanya hivyo, lakini ijaribu kwenye kikombe kwanza. Ikizidi supu huwa na ladha ya ajabu isiyorekebika.

Ikiwa umetia mara tatu ya kipimo, gawa supu: nusu igandishe iwe msingi wa kupikia wali au maharage bila chumvi nyingine, nusu nyingine uiongezee maji. Kumbuka Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, na bakuli moja ya supu ya namna hiyo inaweza kuzimaliza zote.

Dalili: ni maji tu, mboga zinaelea

Angalia kwanza kama kuna kitu chochote chenye wanga ndani. Kabichi, karoti na nyanya peke yake haziwezi kuifanya supu iwe nzito hata uchemshe usiku kucha. Kama viazi vimo, rahisi kuliko yote ni kuchota theluthi moja ya viazi vilivyoiva, kuviponda kwa uma kwenye sahani, na kuvirudisha. Hakuna gharama wala madonge.

Kama viazi havimo, tumia unga wa ngano au wanga wa mahindi kijiko 1 cha chakula kwa kila lita. Ukoroge kwanza na vijiko 3 vya maji baridi hadi uwe uji mwembamba, umimine supu ikichemka huku unakoroga, na uendelee dakika 2 kwa wanga wa mahindi au dakika 5 kwa ngano ili ladha ya ubichi iishe. Unga mkavu ukiumwaga moja kwa moja kwenye supu ya moto, nje ya kila chembe huiva papo hapo na kufungia unga mkavu ndani. Hayo ndiyo madonge. Yakishatokea usihangaike kuyavunja kwa mwiko, pitisha supu kwenye chujio.

Dalili: imekuwa gundi

Karibu kila mara ni viazi vilivyosagwa kwenye blenda kwa kasi. Visu huvunja chembe za kiazi, wanga unaachiwa wote, na supu inavutika kama ya kubandikia karatasi. Hairudi. Ongeza maji ya moto na kabichi au mboga nyingine zilizokatwa, uile kama supu ya vipande. Safari ijayo viazi viponde kwa mkono.

Na blenda yenyewe: supu ya moto ndani ya blenda iliyofungwa hutoa mvuke ambao unaweza kurusha mfuniko na kukumwagia usoni. Ngoja ipoe dakika 10, jaza theluthi moja tu, toa kile kizibo kidogo cha katikati, funika kwa kitambaa kikavu, anza kwa kasi ndogo. Ukiungua, weka sehemu hiyo chini ya maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20, vua pete na saa mapema, usipake mafuta wala dawa ya meno. Kidonda kilichozidi ukubwa wa kiganja chako, au kilicho usoni, mikononi au sehemu za siri, ni cha hospitali.

Dalili: viazi, karoti au maharage yamegoma kuiva

Ukubwa wa vipande ndio wa kwanza kuangaliwa. Kipande cha sentimita 3 hakichukui muda mara mbili ya cha sentimita moja na nusu. Huchukua zaidi ya hapo, kwa sababu joto lina safari ndefu hadi katikati. Vipande vya sentimita moja na nusu huiva hivi, kuanzia supu inapochemka: karoti dakika 15 hadi 20, viazi 12 hadi 15, kabichi 8 hadi 10, maharage machanga ya kijani, yale yanayoliwa na maganda yake, 8 hadi 10, njegere zilizogandishwa 3 hadi 5, mboga laini za majani 2. Ukivikata vikubwa kwa haraka ya kuanza kupika, utalipa kwa gesi au umeme.

Pili, moto. Supu inayotoa mapovu madogo ya hapa na pale inaiva vizuri. Iliyotulia kabisa haiivi. Mfuniko ukiwa wazi kila dakika kwa ajili ya kuchungulia, joto nalo linaondoka.

Tatu, uchachu uliotiwa mapema. Kinachoshika chembe za mboga pamoja ni pektini, nayo huyeyuka polepole sana kwenye mchuzi wenye nyanya nyingi, limau au siki. Kijiko kimoja cha nyanya ya kopo kilichokaangwa na kitunguu hakitoshi kugomesha viazi, lakini kopo zima la nyanya likitangulia, viazi vinaweza kukaa nusu saa zaidi vikiwa na kiini kigumu. Kama ndivyo ulivyofanya, dawa ni subira: punguza moto, funika, ongeza dakika 20. Maji yenye chokaa nyingi (yale yanayoacha ukoko mweupe ndani ya birika) huleta shida inayofanana, hasa kwa maharage makavu.

Nne, mwinuko. Kila mita 300 za kupanda juu, maji huchemka kwa nyuzi moja chini zaidi. Anayeishi mita 2,000 juu ya usawa wa bahari anapikia maji ya nyuzi 93 hivi badala ya 100, na kuongeza moto hakubadilishi kitu. Ongeza muda, au tumia sufuria ya presha.

Maharage makavu yanahitaji onyo lake. Hayaingii kwenye supu yakiwa mabichi. Maharage mekundu hasa yana sumu ya asili, lektini, inayoleta kutapika vikali ndani ya saa 1 hadi 3, na maharage machache yasiyoiva yanatosha. Loweka angalau saa 5, mwaga maji hayo, chemsha kwa maji mapya yanayotokota kwa nguvu dakika 30, kisha endelea kwa moto mdogo hadi yawe laini kabisa. Chungu cha umeme cha kupikia polepole hakifai kwa hatua ya kwanza, kwa sababu joto lake la chini haliui sumu hiyo. Ukikuta maharage nusu mabichi kwenye supu, usile "kwa kuchagua". Rudisha jikoni yachemke kwa nguvu. Maharage ya kopo yameshaiva, na dengu nyekundu hazina matata: dakika 15 hadi 20 bila kulowekwa.

Dalili: mboga zimevurugika, hazitambuliki

Umezitia zote pamoja, au umekoroga kama unasonga. Hakuna kurudi nyuma. Ponda zote, tia limau, iite supu ya kusaga. Ni nzuri.

Dalili: ina uchungu

Hapa usikimbilie sukari. Uchungu una aina mbili, na moja ni ya kutupa.

Aina ya kawaida ni saumu iliyoungua. Saumu hubadilika kutoka dhahabu hadi kahawia chungu ndani ya sekunde chache. Ndiyo maana huingia baada ya kitunguu, na kwa dakika moja tu. Vipande vyeusi vinavyoonekana vitoe kwa kijiko, kisha ongeza chumvi kidogo (chumvi hupunguza uchungu mdomoni) na kiazi kilichopondwa. Manjano au bizari iliyozidi hutibiwa vivyo hivyo, kwa kuongeza maji na wanga. Kabichi iliyopikwa saa nzima huleta harufu nzito ya salfa pamoja na uchungu kidogo. Haina madhara, ila haiponi.

Aina ya pili inatoka kwenye mboga yenyewe. Boga, mung'unye au tango lenye uchungu mkali usio wa kawaida lina kukabitasini, sumu isiyoondoka kwa kupika. Tema, na mwaga sufuria yote. Inauma kwa bajeti, lakini inauma zaidi tumboni. Kinga ni nyepesi: kabla ya kukata, lamba kipande kidogo kibichi. Viazi vyenye rangi ya kijani navyo vina solanini. Kata sehemu ya kijani na machipukizi kwa kina, na kiazi kilichokuwa kijani kote au chenye uchungu kitupwe. Kuchemsha hakukisafishi.

Dalili: imeshika chini

Acha kukoroga mara unaposikia harufu. Mwiko unaokwangua chini ndio unaosambaza ladha ya kuungua. Zima moto, mimina supu ya juu kwenye chombo kingine bila kuinamisha sufuria hadi mwisho, acha ukoko na vijiko vichache vya juu yake. Onja kwenye kikombe. Ikiwa moshi ni wa mbali, viungo na limau vitaufunika. Ikiwa ndio unaotangulia mdomoni, hakuna kitakachoufuta.

Kisababishi kikubwa ni sufuria nyembamba juu ya moto mkali. Kinachofuata ni dengu au unga uliotua chini bila kukorogwa kwa dakika 10. Wanaopasha supu nzito ya jana ndio wanaoiunguza zaidi: anza na maji robo kikombe chini ya sufuria, moto mdogo, koroga. Ukoko uchemshie maji yenye kijiko kimoja cha chakula cha bikaboneti ya soda, dakika 10, kisha uache ulowe usiku. Sufuria ya alumini usiitie bikaboneti, itageuka nyeusi. Maji ya sabuni na subira vinatosha.

Dalili: maziwa yamekatika

Supu ilikuwa inachemka, au ina nyanya na limau, au maziwa yalitoka baridi moja kwa moja kwenye friji. Kama maziwa yalikuwa mazima, supu inalika. Ni sura tu iliyoharibika. Safari ijayo changanya maziwa na vijiko vichache vya supu kwenye kikombe, kisha mimina moto ukiwa umezimwa.

Dalili: mboga za kijani zimegeuka rangi ya majani makavu

Muda na uchachu. Zitie dakika 2 za mwisho, bila mfuniko. Wapo wanaotia bikaboneti ili kijani kibaki; kinabaki kweli, lakini mboga huwa telezi na vitamini C hupungua. Haifai.

Dalili: inafoka na kuzima jiko

Sufuria imejazwa kupita robo tatu, au dengu na viazi vimetoa povu na mfuniko umefungwa kabisa. Engua povu dakika 5 za kwanza, weka mwiko chini ya ukingo wa mfuniko. Kwenye sufuria ya presha, supu yenye dengu au maharage isizidi nusu ya ujazo, kwa sababu povu huziba tundu la mvuke. Tundu likiziba, zima moto na usijaribu kufungua mfuniko hadi ipoe yenyewe. Vali iliyochakaa au mpira uliopasuka ni kazi ya fundi au ya kununua kipuri halisi. Hakuna kuufunga kwa uzi.

Dalili: umekula bakuli, saa moja baadaye njaa imerudi

Supu ya maji na kabichi hujaza tumbo kwa muda mfupi. Kinachokosekana ni protini, na kinachofuatia ni mafuta. Gramu 100 za dengu kavu zina protini gramu 24 hivi, yaani kila bakuli kati ya zile nne inapata gramu 6, sawa na yai moja. Ndiyo maana dengu zimo kwenye supu ya kulinganishia, na si kama pambo. Yai lenyewe pia linafaa: lipige, limimine taratibu kwenye supu inayochemka huku ukikoroga, liache dakika 1 hadi lishikane kabisa.

Kama lalamiko ni kwamba supu "ya bei nafuu" imegharimu kuliko chakula cha kununua, chunguza kapu. Mboga nane tofauti, kila moja kidogo, ndizo zinazooza nusu. Nunua zinazodumu (vitunguu, karoti, kabichi, dengu) na aina moja tu ya majani kwa siku mbili. Vichwa vya karoti, mabua na maganda safi ya kitunguu vichemshe dakika 30, chuja, tumia maji hayo badala ya maji matupu. Maganda ya viazi na majani ya kabichi yasiwemo humo, yanaleta uchungu na harufu. Kwa kuokoa moto, supu ya mboga bila maharage ikishachemka dakika 15 unaweza kuizima, kuifunika mfuniko na kuizungushia blanketi zito kwa nusu saa, mbali na jiko. Itaendelea kuiva kwa joto lake. Ichemshe tena kidogo kabla ya kula.

Dalili: kesho yake ina mapovu, harufu ya uchachu au utelezi

Mwaga, usionje. Kuichemsha upya hakusaidii, kwa sababu baadhi ya bakteria huacha sumu inayostahimili kuchemka, hasa kama supu ilikuwa na wali au tambi.

Sababu kuu ni sufuria iliyoachwa juu ya jiko usiku kucha. Kati ya nyuzi 5 na 60 bakteria huzaana haraka, na lita 2 za supu kwenye sufuria iliyofunikwa huchukua saa nyingi kupita hapo. Gawa kwenye vyombo vipana visivyozidi kina cha sentimita 5, au simamisha sufuria kwenye beseni la maji baridi na ukoroge, ubadilishe maji mara mbili. Iingie kwenye friji ndani ya saa 2. Chumba kikizidi nyuzi 32, ndani ya saa 1. Kwenye friji ya nyuzi 4 inakaa siku 3 hadi 4. Kwenye friza inabaki na ubora miezi 2 hadi 3, ila viazi huwa kama sifongo. Pasha unachokula tu, hadi ichemke kote na si kingo peke yake.

Kijiko kilichotoka mdomoni na kurudi sufuriani ni kisababishi kingine, na kwenye nyumba ya kushirikiana hakuna anayekiri.

Asiye na friji apike nusu ya kipimo. Hakuna ujanja wa mfuniko unaochukua nafasi ya baridi.

Dalili: jiko ndilo linaloleta shida

Jiko la umeme la wati 1,500 kwenye umeme wa volti 230 huvuta ampea 6 na nusu hivi. Likiunganishwa kwenye waya mwembamba wa kuongezea pamoja na birika na pasi, swichi ya usalama huanguka, na hiyo ndiyo kazi yake. Chomoa vingine, chomeka jiko peke yake ukutani. Ikianguka tena jiko likiwa peke yake, au plagi ikawa ya moto, au ukasikia harufu ya plastiki, acha. Ni kazi ya fundi umeme. Birika la umeme si la kupikia supu: wanga huganda kwenye chuma chake cha moto, na povu hufoka hadi kwenye swichi.

Ukinusa gesi, funga vali ya mtungi, fungua madirisha, usiwashe wala kuzima swichi yoyote, toka nje, na umpigie msambazaji au zimamoto ukiwa huko. Mkaa usiwashwe kamwe ndani ya chumba kilichofungwa, hata kwa dakika 20 za supu. Kaboni monoksidi haina harufu. Kichwa kikianza kuuma na kizunguzungu kuja, toka nje kwanza, mengine baadaye.

Dalili: tumbo limevurugika baada ya kula

Kuharisha kidogo kunakoisha ndani ya siku moja huhitaji maji mengi na chumvi za kurudisha maji mwilini. Nenda hospitali ukiona damu kwenye choo, homa inayozidi nyuzi 39, kutapika kusikokubali hata maji, mkojo kukauka, kizunguzungu ukisimama, au kuharisha kwa zaidi ya siku 3. Mwambie daktari ulichokula, saa uliyokula na saa dalili zilipoanza: kutapika ndani ya saa 3 na homa iliyokuja baada ya siku mbili ni mambo mawili tofauti kwake. Kama supu imebaki, ifunge na uiweke mbali na wenzako wa chumbani hadi ijulikane.